Umelipia, Bado Unashukiwa: Maswali ya Wateja wa Filamu, Muziki na Ving'amuzi Dodoma

Maswali haya huletwa na watu wa aina tatu: mwenye king'amuzi nyumbani, mwenye biashara inayotumia muziki au filamu (kibanda umiza, baa, saluni, duka la kuingiza nyimbo kwenye flash), na msanii au mpiga video ambaye kazi yake inazagaa bila ruhusa. Tumeyajibu kwa kufuata sheria za Tanzania na jinsi mitambo yenyewe inavyofanya kazi. Msimamo wetu tunausema mapema: msanii alipwe, na aliyelipa asifanywe mtuhumiwa.

Nimelipia king'amuzi, pesa imekatwa, lakini chaneli hazifunguki. Nianzie wapi?

Anza kwa kusoma maandishi yaliyo kwenye runinga, maana matatizo mawili tofauti huonekana kama moja. Kwenye DStv, kwa mfano, E16 maana yake mawimbi yanafika ila kadi haijaruhusiwa. E48-32 maana yake king'amuzi hakipati mawimbi kabisa. La kwanza ni la malipo, la pili ni la dishi, na ukilipa mara mbili hutaliponya. Upepo wa Dodoma husogeza dishi lililofungwa kwa nati mbili badala ya nne, na likigeuka digrii mbili tu inatosha kuipoteza setilaiti. Panda, lishike kwa mkono. Likicheza, jibu umeshalipata. Usimpigie wakala, mpigie fundi.

Kama tatizo ni ruhusa, elewa kwanza ruhusa inavyosafiri. Haitoki kwa wakala. Kampuni huirusha kupitia setilaiti kama ujumbe ulioandikiwa namba ya kadi yako, na kuurudia kwa muda fulani. King'amuzi kilichozimwa wakati huo hakiupokei. Kwa hiyo ukilipa ukiwa kazini huku nyumbani umeme umekatika, pesa imefika lakini ujumbe umepita hewani bila mpokeaji. Kiwashe, kiache kwenye chaneli iliyomo kwenye kifurushi chako, subiri kama nusu saa bila kuchomoa chochote. Bado? Zima kwenye umeme, toa kadi, ifute kwa kitambaa kikavu, irudishe kama ilivyokuwa, washa. Kisha omba kampuni irushe ruhusa upya kupitia programu yao, menyu ya simu au huduma kwa wateja.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni namba ya kadi. Tarakimu moja ikikosewa, umemlipia mtu mwingine ambaye leo anaangalia mpira kwa pesa yako. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu nyingi huonyesha jina la mwenye akaunti; lisome. Ukishakosea, usifute ujumbe wa muamala. Piga kampuni ya king'amuzi na kampuni ya simu siku hiyohiyo, kwa sababu kifurushi kikishaanza kutumika, kukirudisha huwa kazi nzito.

Kuna fundi anauza king'amuzi "cha kulipia mara moja tu". Kinafanyaje kazi, na kwa nini kinaganda wakati wa mechi?

Chaneli za kulipia hurushwa zikiwa zimefumbwa. Kinachozifumbua ni ufunguo mfupi ambao hubadilishwa kila baada ya sekunde chache, mara nyingi kama 10. Kwa mteja halali, kadi ndiyo inayotoa ufunguo mpya kila unapobadilika. Kwenye king'amuzi cha mtaani, mtu mahali fulani ana kadi moja iliyolipiwa, anachota ufunguo na kuusambaza kwa intaneti kwa mamia ya watu. King'amuzi chako kinatumia bando kuusubiri. Mtandao ukichelewa sekunde 3, ufunguo uliopo umeisha muda, mpya haujafika, picha inaganda. Wakati wa mechi kubwa watu wote huuomba kwa pamoja, na seva ya yule bwana inazidiwa. Ndiyo maana kinaganda saa ambayo unakihitaji zaidi.

Siku kampuni inapobadilisha kadi au mfumo wa ufumbaji, vyote hufa siku moja, na fundi aliyekuuzia hana risiti ya EFD wala dhamana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, inamgusa pia anayetengeneza au kuingiza nchini kwa biashara vifaa vya kuvunja ulinzi wa aina hii. Wewe mnunuzi umeshapoteza pesa hata kabla ya sheria kufika.

Hapa pia kampuni zina lawama. Kuwabana wezi hawa ndiko kulikozaa mtindo wa kuoanisha kadi na king'amuzi, kiasi kwamba king'amuzi halali kikiharibika kwa radi, kadi yako iliyolipiwa haikubali kwenye kingine mpaka uombe vioanishwe upya. Aliyelipa anasubiri foleni kwa kosa la ambaye hakulipa. Kuomba kuoanishwa ni haki yako. Nenda na kitambulisho, kadi, na namba iliyoandikwa chini ya king'amuzi kipya.

Nimenunua king'amuzi kilichotumika, Sabasaba. Kuna tatizo?

Kipo kwa jina la mwingine. Akienda kuripoti kimepotea, kitafungwa nawe huna la kusema. Nunua mkiwa wote wawili, piga simu huduma kwa wateja hapohapo, mbadilishe umiliki kabla ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa, achana nacho.

Naweza kutumia kifurushi cha nyumbani kwenye kibanda umiza au baa?

Hapana. Kifurushi cha nyumbani ni leseni ya kaya. Ukitoza kiingilio, hata shilingi 300 kwa kichwa, au ukiweka mpira ili watu wanywe, hiyo ni maonyesho ya umma, nayo ina leseni yake na bei yake. Kampuni hutambua kwa njia rahisi tu: wakaguzi huingia kama wateja wengine na kusoma namba ya kadi ambayo huletwa kwenye kioo kwa sekunde chache katikati ya mchezo. Umewahi kuona namba zinazotokea ghafla juu ya picha na kupotea? Si hitilafu. Ni alama ya kujua picha hiyo inatoka kwenye kadi ya nani.

Kwa kibanda kinachotaka kulala usingizi, mambo ni manne: leseni ya biashara kutoka halmashauri (mjini ni Jiji la Dodoma), kibali cha Bodi ya Filamu kwa eneo la maonyesho, kifurushi cha biashara kutoka kwa mwenye king'amuzi, na leseni ya muziki na kazi nyingine zinazotumika hadharani (uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, nani anaitoa kwa sasa). Anzia na king'amuzi, kwa kuwa ndiyo gharama kubwa na ndiyo itakayokuonyesha kama biashara inalipa. Omba bei kwa maandishi, uliza kama inahesabiwa kwa ukubwa wa ukumbi au idadi ya runinga, na uliza kama unaweza kulipia msimu wa ligi tu.

Kibanda cha mabati na mabenchi sita pale Chang'ombe hakiwezi kulipa sawa na hoteli ya Area D. Kampuni isiyo na kifurushi cha ukubwa huo inamsukuma mwenye kibanda kwenye kadi ya nyumbani, kisha inamfuata na polisi. Tunaona huo ni uzembe wa kibiashara, nao una dawa: weka bei ya kibanda.

Duka la kuingiza nyimbo na filamu kwenye flash ni kosa kweli? Kila mtaa lipo.

Kuwepo kila mtaa hakukuhalalishi. Kunakili kazi ya mtu na kuuza nakala ni haki ya mwenye kazi peke yake. Tangu 2013 nakala halali za CD na DVD za muziki na filamu zinapaswa kuwa na stempu ya kodi ya TRA, lakini faili kwenye flash haina pa kubandika stempu, na hapo ndipo biashara nzima ilipohamia.

Mwenye duka anayetaka kubaki upande wa sheria anaweza kuingia makubaliano na wasanii wa kanda hii moja kwa moja. Karatasi moja inatosha ikitaja: nyimbo zipi kwa majina, kwa muda gani, kwa bei gani kwa kila nakala, hesabu zinafanywa lini, na sahihi za pande zote mbili. Msanii chipukizi wa Kondoa anayetafuta masikio mara nyingi atakubali. Filamu za nje zilizoingizwa sauti ya Kiswahili hazina njia hiyo ya mkato: kutafsiri ni haki nyingine tena ya mwenye filamu, kwa hiyo nakala ile imevunja haki mara mbili, ya kunakili na ya kutafsiri.

Na kwa nini mteja huenda kule? Netflix wenyewe wanakadiria picha ya kawaida hula kama GB 1 kwa saa, na picha kali hadi GB 3. Piga hesabu ya bando kwa filamu ya saa mbili, uilinganishe na mia tano ya dukani. Mtu hajachagua wizi kwa kuupenda. Amechagua kile ambacho mfuko wake unakiweza. Kampuni inayotaka kushindana na flash ishindane hapo, kwenye gharama ya kuifikisha filamu, kabla ya kuongeza kufuli.

Nilipakua filamu kwenye programu ya simu kabla ya safari, nikafika kijijini ikagoma. Nililipia ya nini?

Ulichopakua ni faili lililofumbwa pamoja na leseni yenye tarehe. Leseni ikiisha muda, faili lipo lakini halifunguki mpaka simu izungumze na seva. Kuna tarehe mbili: moja huanza kuhesabiwa unapopakua, nyingine fupi zaidi huanza unapobonyeza kucheza. Watu wengi huijaribu filamu dakika mbili nyumbani Nzuguni kuona kama imeshuka vizuri, na kwa jaribio hilo wameshaanzisha saa ile fupi.

Kwa hiyo, usiku wa kuamkia safari, ukiwa na mtandao: fungua orodha ya vilivyopakuliwa, angalia kilichoandikwa chini ya kila kimoja kuhusu kuisha muda, kifute na kukipakua upya kilichokaribia. Hakikisha saa na tarehe ya simu vinajiweka vyenyewe, maana leseni husoma saa ya simu. Ukiirudisha nyuma kwa mkono, programu huona unadanganya na kufunga kila kitu. Usitoke kwenye akaunti, na usisasishe programu stendi ukiwa na MB 50 zilizobaki. Angalia pia idadi ya simu zinazoruhusiwa kupakua kwenye kifurushi chako. Simu ya zamani uliyoiuza inaweza kuwa bado inakula nafasi moja. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti uiondoe.

Nalipia picha kali lakini naona ukungu. Kampuni inaniibia?

Pengine ni kifaa. Simu na visanduku vya Android hutumia ulinzi uitwao Widevine, wenye ngazi. L1 maana yake ufumbuaji unafanyika ndani ya sehemu salama ya chipu; L3 maana yake unafanyika kwenye programu tu. Kampuni nyingi za filamu hazitumi picha kali kwa kifaa cha L3, hata kama umelipia kifurushi cha juu kabisa, kwa hofu kwamba picha itanaswa. Visanduku vingi vya bei nafuu ni L3 au havijaidhinishwa na huduma yenyewe, ingawa boksi limeandikwa 4K kwa maandishi makubwa. Simu iliyofunguliwa mfumo wake na fundi nayo inaweza kushuka kutoka L1 hadi L3.

Kabla ya kununua, ingia duka la programu, pakua programu ya bure inayoonyesha taarifa za DRM (kufuli za kidijitali za kuzuia kunakili), soma kilichoandikwa mbele ya Widevine. Muuzaji asiyekuruhusu kuwasha boksi dukani amekupa jibu. Na kampuni tunaidai jambo moja: iseme haya kabla ya kupokea pesa. Kumuuzia mtu picha kali huku mtambo wako umeshajua kifaa chake hakitaipokea si uaminifu.

Projekta ya ukumbini inaonyesha weusi, sauti ipo. Kwa nini?

Hiyo ni HDCP, ulinzi unaokagua kila kifaa kwenye mnyororo wa waya wa HDMI. Projekta ya zamani, kigawanyio cha bei rahisi au kigeuzi cha HDMI kwenda VGA kisichojibu ukaguzi huo hufanya picha izuiwe. Toa kigawanyio, unganisha moja kwa moja, jaribu waya mwingine mfupi. Ikikubali, mkosaji ni kifaa ulichokitoa. Na kumbuka jibu la kibanda umiza hapo juu: ukumbi si sebule.

Nikibonyeza "nunua" kwenye duka la filamu mtandaoni, filamu ni yangu?

Kwa kawaida hapana, na hili ndilo swali tunalotamani kila mtu aliulize kabla ya kulipa. DVD uliyonunua ni mali: unaweza kumpa shangazi Mpwapwa, kuiuza, kuirithisha. "Ununuzi" wa mtandaoni ni ruhusa ya kuangalia, kwa masharti, mradi duka lipo na mradi duka lenyewe bado lina haki.

Yametokea. Mwezi Julai 2009 Amazon ilifuta kwa mbali vitabu vya George Orwell kwenye vifaa vya Kindle vya watu waliokuwa wamelipa, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Pesa zilirudishwa, na mkuu wa kampuni aliomba radhi, lakini kila mtu aliona kwamba mkono wa muuzaji unafika mpaka kwenye rafu ya nyumbani kwako. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya kidijitali. Vitabu viliacha kufunguka, wateja wakarudishiwa pesa. Jimbo la California nchini Marekani limeweka sheria, inayotumika tangu 1 Januari 2025, kwamba muuzaji asitumie neno "nunua" kwa bidhaa ya kidijitali bila kumweleza mteja wazi kuwa anapata leseni tu.

Ukitaka kitu kibaki, nunua penye faili lisilo na kufuli au nakala ya kushikika. Hifadhi risiti ya barua pepe nje ya duka lenyewe, kwa sababu akaunti ikifungwa na risiti zake hufungwa.

Kufuli hizi zinapunguza uharamia?

Kwenye muziki, soko lenyewe lilijibu. Duka la iTunes lilifunguliwa 2003 nyimbo zikiwa na kufuli, na Januari 2009 Apple ikatangaza kuziondoa. Muziki uliendelea kuuzwa. Aliyekuwa akisumbuka na kufuli ni yule aliyelipa na kutaka kuhamishia wimbo kwenye redio ya gari. Aliyepakua bure hakuwahi kuliona kufuli. Hali ni hiyohiyo kwenye DVD: onyo la sheria usiloweza kuliruka humkalisha mnunuzi wa halali, na nakala ya wizi huanza na filamu moja kwa moja.

Lililo baya zaidi lilikuwa la 2005. Sony BMG iliuza CD za muziki ambazo, ukiziweka kwenye kompyuta ya Windows, zilipachika programu iliyojificha ndani ya mfumo ili kuzuia kunakili. Mtaalamu wa kompyuta aliifichua Oktoba 31 mwaka huo. Programu ile ilificha kila faili ambalo jina lake lilianza na herufi fulani, na watengenezaji wa virusi wakaitumia kama blanketi la kujifunika. Kampuni ikalazimika kuzirudisha CD hizo na kuingia kwenye usuluhishi wa kesi. Tazama nani aliumia: mtu aliyeingia dukani na kutoa pesa.

DVD halali kutoka nje inaniambia "region". Nini hiyo?

Dunia iligawanywa kanda kwa ajili ya DVD. Tanzania ipo kanda ya 5; sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika Kusini ni ya 2; Marekani ni ya 1. Kisomeo cha DVD cha kompyuta hukuruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, kisha hujifunga kwenye ya mwisho. Usizimalize kwa majaribio. Muulize ndugu yako aliye nje atafute iliyoandikwa 0 au "zote".

Vipi VPN (programu inayoficha uko nchi gani), ili nione filamu ambazo hazipo Tanzania?

Filamu haipo kwa sababu haki zake za nchi hii hazijauzwa au zimeuzwa kwa mwingine. Kutumia VPN huvunja masharti ya huduma, na akaunti yako inaweza kuzuiwa bila kurudishiwa pesa. Zaidi ya hapo, Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN nchini kuzitolea taarifa.

Mimi nimepakua tu, siuzi. Naweza kushtakiwa?

Sheria mbili zinakutana hapa. Sura ya 218, kifungu cha 12, inaruhusu kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yako binafsi tu: kutoa wimbo kwenye CD yako kuuweka kwenye simu yako, kwa mfano. Ruhusa hiyo inakoma unapoutuma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Upande wa pili ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 24, ambayo ni kali kuliko wengi wanavyodhani: anayetumia kompyuta kwa nia ya kuvunja haki miliki, hata bila biashara, faini yake haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Akifanya kwa biashara, haipungui milioni 20 au miaka 5, pamoja na kumlipa fidia mwenye haki.

Tunaona kiwango hicho kwa asiye mfanyabiashara ni kikubwa mno. Marekani walijaribu njia ya kuwaandama wateja. Kuanzia Septemba 2003 chama cha kampuni za muziki kilifungua kesi dhidi ya watu binafsi kwa maelfu, wakiwemo watoto. Katika kesi moja, mama aliyeshtakiwa kwa kusambaza nyimbo 24 aliamriwa mwaka 2009 kulipa dola milioni 1.92, kiasi ambacho baadaye kilishushwa na kuishia dola 222,000. Mwishoni mwa 2008 chama kilikuwa kimeshatangaza kuachana na kesi za jumla. Uharamia haukwisha kwa kesi hizo.

Nimetumiwa ujumbe: "Umekamatwa ukipakua filamu, lipa faini kwa namba hii."

Utapeli. Malipo ya serikali huenda kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Usilipe, usibonyeze kiungo, peleka taarifa polisi ukiwa na picha ya ujumbe huo.

Ninapiga video za harusi. Nikiipandisha YouTube inanyamazishwa sauti au matangazo yanaenda kwa mwingine. Nifanyeje?

Mfumo uitwao Content ID hulinganisha sauti yako na rejista ya wenye haki. Tofautisha vitu viwili. Dai la Content ID halina adhabu kwa chaneli. Linagusa video hiyo tu. Onyo la hakimiliki ni jambo zito: hudumu siku 90, na yakifika matatu ndani ya muda huo chaneli inaweza kufungwa.

Kama muziki kweli si wako, badilisha sauti ya kipande hicho au ukubali matangazo yaende kwa mwenye wimbo. Kama una ruhusa, pinga dai. Mdai ana siku 30 kujibu. Akinyamaza dai linaanguka. Akikataa, unaweza kukata rufaa, naye ana siku 7. Lakini hapo fikiri mara mbili, kwa sababu anaweza kuijibu rufaa kwa ombi la kuiondoa video, na hilo huleta onyo. Ukipata onyo kimakosa, unapeleka taarifa ya kupinga yenye jina na anwani yako halisi, na mdai ana siku 10 za kazi kuonyesha kuwa ameenda mahakamani, la sivyo video hurudi.

Kwaya na ngoma za Kigogo huleta utata wa peke yake. Ngoma ni ya jadi, lakini rekodi fulani ya ngoma hiyo ina mwenyewe, na mashine husikia rekodi. Ulichorekodi mwenyewe pale Chamwino kwa maikrofoni yako, ruhusa ya wachezaji ikiwepo, una sababu ya kupinga dai.

Mimi ni msanii. Wimbo wangu unauzwa kwenye flash Majengo. Je, nilipaswa kuusajili kwanza?

Haki inazaliwa pamoja na kazi. Tanzania ipo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1994, na mkataba huo haudai usajili. Lakini bila ushahidi utabaki kubishana. Sajili COSOTA, hifadhi faili asilia la studio lenye tarehe na vipande vyake, na mkataba na prodyuza ulioandikwa nani anamiliki nini. Ukikuta wimbo unauzwa, nunua nakala moja, chukua risiti kama ipo, andika tarehe, saa na mahali, kisha peleka COSOTA. Usiende kuvunja kompyuta ya mtu.

Kampuni inajua ninachoangalia. Naruhusiwa kuuliza?

Ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zilizokusanywa, kusahihisha, na kupinga zisitumike kwa matangazo. Andika kwa kampuni kwanza. Ikikupuuza, peleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Nimelalamika kwa simu mara tatu, wananiambia "tunalishughulikia". Sasa?

Acha simu, andika. Malalamiko ya simu hayana mkia wa kuyashika. Barua pepe fupi inatosha:

"Mimi ni mteja wenu, kadi namba ___. Tarehe ___ saa ___ nililipa shilingi ___, muamala namba ___. Hadi sasa chaneli hazijafunguka. Niliwapigia tarehe ___ nikapewa namba ya malalamiko ___. Naomba kifurushi kifunguliwe na siku nilizokosa ziongezwe, au nirudishiwe pesa yangu. Naomba jibu la maandishi."

Ambatanisha picha ya ujumbe wa malipo na picha ya kioo cha runinga inayoonyesha namba ya kosa. Usitukane, usieleze historia ya miaka mitano. Tatizo moja, ombi moja. Namba ya malalamiko idai kila unapopiga simu, hata kama mhudumu anasema haihitajiki.

Usiporidhika na jibu, au usipojibiwa kabisa, peleka barua hiyohiyo na viambatanisho TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Kati Dodoma, na nakala kwa baraza la watumiaji wa huduma za mawasiliano, TCRA-CCC. Hawa hukuuliza kwanza kama ulimpa mtoa huduma nafasi ya kurekebisha, ndiyo maana barua ya mwanzo ina thamani. Kama lalamiko ni tangazo la uongo au bidhaa mbovu, mathalani boksi lililoandikwa 4K ambalo haliwezi, njia ni Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Kila ofisi ipelekewe nakala, ile ya asili ibaki nyumbani kwako.